Moyo wa samaki, wa chura, wa kuku na wa mtoto wako

Na Daktari Wetu

Makala ya juma hili yametokana na swali la nyanya mmoja kutoka upande wa Nyamira. Alikuja katika kliniki yangu hapa mjini Kisii pamoja na binti yake na mjukuu wa kike wa miezi mitano. Mtoto huyo alikuwa ametibiwa homa ya mapafu mara tatu. Alikuwa akianza kunyonya anaachia titi, anahema, jasho linamtoka kwenye paji la uso, kisha analala kwa uchovu kabla ya kushiba. Uzani wake ulikuwa wa mtoto wa miezi miwili.

Nakiri kwamba mara ya kwanza kati ya hizo tatu nilimtibu mimi mwenyewe. Foleni ilikuwa ndefu, kifua kilikuwa kikikoroma, nikaandika dawa ya kifua na kuwaaga. Safari hii nilitulia, nikausikiliza moyo wake kwa makini, nikasikia mvumo ambao haukustahili kuwapo. Tulimtuma akapigwe picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na majibu yakaja: moyo una tundu.

Mama ya mtoto alianza kulia. Lakini nyanya alinitazama kwa mshangao. "Mwanangu daktari," akasema, "mimi nimechinja kuku na kupasua samaki tangu nikiwa msichana. Moyo ukitoboka damu yote humwagika. Huyu mtoto angekufa siku aliyozaliwa. Hilo tundu liko wapi?"

Swali hilo ni la haki, na wazazi wengi huogopa kuliuliza. Wanaposikia neno "tundu" hufikiria mtungi uliotoboka unaovuja nje. Sivyo. Ili tuelewane, siku waliyorudi nilinunua samaki, kuku na moyo wa ng'ombe katika soko la Daraja Mbili, nikavipasua mbele yao juu ya sinia. Leo nakuomba wewe msomaji ulitazame sinia hilo pamoja nasi. Ukielewa tofauti kati ya mioyo hiyo, utaelewa tundu liko wapi, na kwa nini mtoto mwenye tundu hapaswi kucheleweshwa.

Kazi ya moyo

Moyo, au enkoro kama tunavyouita huku Kisii, ni pampu ya misuli. Kazi yake ni kuisukuma damu ili ichukue oksijeni mahali fulani, iipeleke mwilini, kisha irudi na hewa chafu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na kila dakika husukuma takriban lita 5 za damu. Piga hesabu: kwa siku moja ni zaidi ya lita 7,000, yaani kama mitungi 360 ya lita 20. Fikiria kubeba maji hayo yote kutoka mtoni kila siku, bila Jumapili wala sikukuu.

Wanyama wote wenye uti wa mgongo wana moyo, na wote wana vali, yaani vilango vinavyoizuia damu kurudi ilikotoka. Tofauti yao kubwa ni idadi ya vyumba, na kuta zinazovitenganisha. Ukuta wa ndani wa namna hiyo tutauita kiambaza. Hilo ndilo neno la kushika leo.

Samaki: chumba cha kupokea, chumba cha kusukuma

Tuanze na ngege au mbuta anayeletwa kutoka Homa Bay au Kendu Bay. Ukimpasua chini ya koo, nyuma tu ya yale mashavu mekundu ya kupumulia, utauona moyo mdogo mwekundu. Una vyumba viwili vikuu: kimoja chembamba cha kupokea damu na kimoja kinene cha kusukuma. Mbele ya hicho kinene utaona bomba jeupe linalonyumbuka, ambapo damu hupita kuelekea kwenye mashavu.

Damu ya samaki hupita njia moja tu. Hutoka moyoni hadi kwenye mashavu, ikachukua oksijeni kutoka majini, halafu ikaendelea moja kwa moja mwilini na kurudi moyoni. Kasoro yake ni moja: mashavu yana vijishipa vyembamba sana, kwa hiyo damu ikitoka huko imepoteza nguvu nyingi, kama chai inavyopita polepole kwenye kichujio. Mwili wa samaki hupata damu iliyosafishwa lakini isiyo na msukumo mkubwa. Kwa kiumbe anayebebwa na maji na asiyehitaji kuupasha mwili joto, hilo linatosha kabisa.

Moyoni mwa samaki hakuna kiambaza, kwa sababu hakuna cha kutenganisha. Damu yote iliyomo ni ya aina moja, ile iliyokwisha kutumika.

Kamongo na chura: pale mapafu yanapoanza

Wapo samaki wengine katika Ziwa Viktoria ambao wengi wenu mnawajua: kamongo. Huyu ana mapafu. Kamongo mzima asipopanda juu kuvuta hewa hufa maji, ijapokuwa ni samaki. Jamaa zake wengine huweza kujifukia matopeni wakati wa kiangazi na kungoja mvua wakiwa wanapumua kwa mapafu hayo.

Mapafu yanapokuja, moyo unapata shida mpya. Sasa kuna damu ya aina mbili inayorudi: ile iliyotumika kutoka mwilini, na ile iliyosafishwa kutoka mapafuni. Zisipotenganishwa zitachanganyika. Ukiupasua moyo wa kamongo utaona kwamba kiambaza kimeanza, lakini hakijafika upande wa pili.

Chura, ambaye kwa mvua zetu hatumkosi kando ya Mto Gucha, ana vyumba vitatu. Viwili viko juu, kimoja cha kupokea damu ya mapafu na kingine cha kupokea damu ya mwili. Chini kuna chumba kimoja tu cha kusukuma, nacho hupokea kutoka kwa vyote viwili. Je, damu haichanganyiki? Huchanganyika kiasi, lakini si kama unavyodhani. Ndani ya chumba hicho mna vikunjo vya misuli, na kwenye mshipa wa kutokea mna kikunjo kingine kinachosaidia kuielekeza kila damu njia yake.

Aidha, chura hupumua pia kwa ngozi. Anapozama majini mapafu hayana kazi, na chumba chake kimoja humwezesha kupunguza damu inayokwenda huko. Kwa hiyo msomaji usimdharau chura. Moyo wake si mbovu. Ni moyo unaomfaa chura.

Mjusi, kinyonga na mamba

Mjusi, kinyonga, nyoka na kobe wana vyumba viwili vya juu, na chini wana chumba kimoja chenye kiambaza nusunusu, kama nyumba ambayo fundi alijenga ukuta wa katikati akaacha pengo bila kufika mwisho. Kupitia pengo hilo mnyama anaweza kuelekeza damu zaidi mwilini au zaidi mapafuni, kulingana na hali. Kobe anayekaa muda mrefu bila kuvuta pumzi hufaidika na mpango huu.

Mamba, kama wale wanaongoja nyumbu kwenye Mto Mara, amewapita jamaa zake. Kiambaza chake kimekamilika na ana vyumba vinne kama sisi. Hata hivyo, nje kidogo ya moyo mishipa yake miwili mikuu imeunganishwa na kitundu ambacho Mwitaliano Bartolomeo Panizza alikieleza mwaka wa 1833. Isitoshe, mmoja wa mishipa hiyo unaanzia upande wa kulia wa moyo, hivyo damu ina njia ya kuyakwepa mapafu mnyama akiwa chini ya maji.

Kuku, ng'ombe na sisi

Sasa tufike kwa kuku na ng'ombe. Chukua moyo wa kuku uliochemshwa, ukate kwa upana katikati. Utaona shimo dogo la duara lenye ukuta mnene, na pembeni yake upenyo mwembamba uliojikunja kama mwezi mwandamo. Lile la duara ni chumba cha kushoto kinachosukuma damu mwilini. Ule mwezi mwandamo ni chumba cha kulia kinachosukuma damu mapafuni. Katikati yake kuna kiambaza kizima kisicho na pengo.

Moyo wa ng'ombe una mpango uo huo, isipokuwa ni mkubwa, kilo 2 na zaidi. Wauza nyama makini watakuambia kwamba ndani yake, karibu na vali, kisu hukutana na kitu kigumu. Hicho ni kijifupa cha kweli, ambacho ng'ombe anacho na sisi hatuna. Lakini vyumba ni vinne, viwili juu na viwili chini, na kiambaza ni kizima, sawa na wako na wangu.

Ndege na mamalia hawakurithiana moyo huu. Dalili moja iko kwenye mshipa mkuu wa kutokea: kwa kuku hupinda upande wa kulia, kwetu hupinda kushoto. Kila kundi lilifika kwenye vyumba vinne kwa njia yake. Kwa nini basi yote mawili yakafika mahali pamoja?

Jibu ni joto la mwili. Amka alfajiri yenye baridi pale Keroka, utazame uani. Kinyonga amekauka kwenye ua akingoja jua limpashe. Kuku ameshaanza kuchakura. Ndege na mamalia hujitengenezea joto lao wenyewe usiku na mchana, na joto hilo huliwa kwa gharama kubwa ya chakula na oksijeni. Hata akiwa amelala, mnyama wa damu moto hutumia nguvu mara kadhaa zaidi ya mjusi wa uzani uleule. Hawezi kumudu damu iliyochanganywa na makapi.

Kuna sababu ya pili, na hii ndiyo itakayotusaidia kuelewa ugonjwa. Mapafu ni laini kama sifongo. Hayataki damu ya nguvu. Mwili, kwa upande mwingine, unataka msukumo mkubwa ili damu ifike utosini na kwenye vidole vya miguu. Kwa mtu mzima mwenye afya, chumba cha kulia husukuma kwa shinikizo la takriban milimita 25 za zebaki, na cha kushoto kwa takriban 120. Twiga, kama wale wa mbuga ya Ruma jirani zetu wa Homa Bay, ana shinikizo la karibu mara mbili ya letu kwa sababu ya shingo yake, na ukuta wa kushoto wa moyo wake ni mnene ajabu. Lakini upande wa mapafu hauruhusiwi kupata shinikizo hilo.

Chumba kimoja hakiwezi kusukuma kwa upole na kwa nguvu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kiambaza ni cha lazima. Kinatenganisha damu safi na iliyotumika, na vilevile kinatenganisha pampu ya upole na pampu ya nguvu.

Jambo hili lilichukua muda mrefu kufahamika. Kwa zaidi ya miaka 1,000 matabibu walifuata mafundisho ya Galen, aliyedai kwamba kiambaza cha kila binadamu kina vitundu visivyoonekana ambavyo damu hupenya. Katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Kairo, alikataa waziwazi. Alisema ukuta ule ni mzima, na kwamba damu hutoka upande wa kulia kwenda kushoto kwa kupitia mapafuni. Mwaka wa 1628 Mwingereza William Harvey alieleza mzunguko mzima, baada ya kuchunguza mioyo ya samaki, vyura, nyoka na wanyama wengine wengi.

Tumboni mwa mama

Moyo wa mtoto huanza kama bomba tu, nao huanza kupiga katika wiki ya nne tangu mimba kutungwa. Bomba hilo hujikunja, kisha viambaza huota kutoka pande mbalimbali na kukutana katikati. Kufikia mwisho wa wiki ya nane vyumba vinne huwa tayari. Wanawake wengi wakati huo ndio kwanza wanatambua kwamba ni waja wazito. Watu wengine husema kwamba mtoto tumboni huwa samaki kwanza, kisha chura, kisha mtu. Si kweli. Ni binadamu tangu mwanzo. Ila moyo wake, kama wa mamalia yeyote, hujengwa hatua kwa hatua.

Tundu moja huachwa wazi kwa makusudi. Mtoto tumboni hapumui, mapafu yake yamejaa majimaji, na oksijeni huipata kwenye kondo la nyuma. Kwa hiyo kati ya vyumba viwili vya juu kuna kilango kinachoipitisha damu bila kwenda mapafuni, na nje ya moyo kuna mshipa mwingine wa mkato wenye kazi kama hiyo. Anapozaliwa na kulia kilio cha kwanza, mapafu hufunguka. Kilango hujifunga, na ule mshipa kwa kawaida huziba katika siku chache za mwanzo. Karibu mtu mmoja kati ya wanne hubaki na kilango kisichoshikana kabisa, na wengi wao huishi hadi uzeeni bila kujua.

Kiambaza kinapokosa kukamilika

Sasa turudi kwa swali la nyanya. Tundu liko wapi? Liko ndani, kwenye kiambaza kati ya chumba na chumba. Damu haimwagiki nje. Inapita mahali isipopaswa kupita.

Takriban mtoto mmoja kati ya kila 100 huzaliwa na kasoro fulani ya moyo, na tundu kati ya vyumba vya chini ni miongoni mwa kasoro zinazotokea sana. Umeona kwamba upande wa kushoto una nguvu kuliko wa kulia. Hivyo kila moyo ukipiga, sehemu ya damu safi badala ya kwenda mwilini hupenya tundu, ikaingia upande wa kulia na kurudishwa mapafuni. Mapafu hufurika. Mtoto huhema na kupata homa ya mapafu mara kwa mara. Moyo hufanya kazi maradufu, chakula kinachoingia huishia kwenye kazi hiyo, na mtoto hanenepi.

Hapa wazazi huuliza: mbona alizaliwa akiwa mzima, tukaruhusiwa kwenda nyumbani? Ni kwa sababu mapafu ya mtoto mchanga huwa bado yamekaza, na damu hupenya tundu kidogo tu. Wiki zinavyopita mapafu hulegea, na dalili hujitokeza, mara nyingi katika mwezi wa kwanza au wa pili. Wakati huo jirani ameshasema ni kijicho.

Msomaji aweza kuuliza tena: ikiwa chura na mjusi huishi vizuri na moyo usio na ukuta kamili, kwa nini mtoto wangu asiishi? Kwa sababu mtoto wako ana damu moto na mapafu laini. Chura haupashi mwili wake joto, hupumua kwa ngozi, na shinikizo la damu yake ni dogo. Mtoto hana ngozi ya kupumulia.

Habari njema ni kwamba matundu mengi madogo hujifunga yenyewe katika miaka ya mwanzo, na mtoto huhitaji tu kuchunguzwa kila baada ya muda. Habari mbaya ni kwamba tundu kubwa halisubiri. Damu ya nguvu ikipiga mishipa ya mapafu mwaka baada ya mwaka, mishipa hiyo hukakamaa. Mwishowe shinikizo la mapafu huzidi lile la mwili, damu hugeuka njia, na iliyotumika huingia upande wa kushoto. Mtoto hugeuka samawati. Akifika hapo, kuliziba tundu kwaweza kumuua.

Nimewahi kumpokea mvulana wa miaka 15 katika hali hiyo. Jamaa zake walikuwa wameambiwa akiwa mdogo kwamba moyo wake una kelele, lakini alionekana kupata nafuu. Homa za kifua zilikoma, wakamshukuru Mungu. Kumbe zilikoma kwa sababu mishipa ya mapafu ilikuwa imekakamaa. Nafuu ile ndiyo iliyowadanganya.

Ipo pia kasoro ambapo tundu huambatana na njia nyembamba ya kwenda mapafuni. Huyu huwa samawati mapema. Akicheza kidogo huchuchumaa ili apate pumzi.

Dalili za kutazama

Mpeleke mtoto hospitalini, na uombe moyo wake usikilizwe, ukiona mambo haya:

- Mtoto mchanga anayehema haraka, anayetoka jasho anaponyonya, au anayechoka kabla ya kushiba.
- Asiyeongeza uzani ingawa anapewa chakula cha kutosha.
- Anayepata homa ya mapafu mara kwa mara. Ya pili ikufanye uulize kuhusu moyo, usingoje ya tatu.
- Mwenye rangi ya samawati. Kwa ngozi yetu nyeusi usitazame uso. Tazama ulimi na ufizi, penye mwanga wa jua.
- Mwenye ncha za vidole zilizovimba kama kijiti cha ngoma.
- Anayechuchumaa katikati ya mchezo, au anayezimia.

Mtoto akishikwa ghafla na rangi ya samawati huku akihangaika kupumua, mkunje magoti hadi kifuani na umkimbize hospitalini katika hali hiyo.

Kwa akina mama waja wazito: kisukari kisichodhibitiwa, pombe, na baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari. Usiache dawa ya kifafa ghafla, lakini mwone daktari kabla ya kushika mimba. Ugonjwa wa rubela ukimpata mama miezi ya mwanzo waweza kuuharibu moyo wa mtoto. Chanjo yake iliunganishwa na ile ya surua hapa Kenya mwaka wa 2016, hivyo msiwakoseshe watoto wenu. Pamoja na hayo, katika kesi nyingi hakuna chanzo kinachojulikana. Mama hana hatia, wala ukoo wake.

Tiba

Matundu mengine huzibwa bila kupasua kifua, kwa kupitisha kizibo ndani ya mshipa wa paja. Mengine huhitaji upasuaji. Elimu hii nayo tulifundishwa na wanyama. Kabla ya Alfred Blalock kumpasua mtoto wa kwanza mwenye rangi ya samawati huko Baltimore, Marekani, tarehe 29 Novemba 1944, kwa wazo la daktari wa watoto Helen Taussig, msaidizi wake Vivien Thomas alikuwa ameirudia kazi hiyo mara nyingi kwa mbwa. Thomas alikuwa Mwafrika wa Marekani ambaye hakupata nafasi ya kusomea udaktari, na siku ile alisimama nyuma ya Blalock akimwelekeza. Miaka 10 baadaye, mjini Minneapolis, C. Walton Lillehei aliziba matundu ya kiambaza huku mishipa ya mtoto ikiwa imeunganishwa na ya mzazi wake, ili moyo na mapafu ya mzazi yafanye kazi kwa niaba ya mtoto. Leo kazi hiyo hufanywa na mashine.

Hata sasa, kiraka cha kuzibia tundu chaweza kutengenezwa kwa utando unaouzunguka moyo wa ng'ombe, na vali za nguruwe zimewekewa watu wengi. Mnamo Januari 2022 huko Maryland, Marekani, mtu aliwekewa moyo mzima wa nguruwe uliobadilishwa chembe za urithi, akaishi nao kwa miezi miwili.

Kwa sisi wa Kisii na Nyamira, si lazima kwenda ng'ambo. Upasuaji wa moyo hufanywa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta na Hospitali ya Mater jijini Nairobi, Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na Hospitali ya Tenwek huko Bomet, ambako matatu za kupitia Keroka na Sotik zatufikisha bila kulala njiani. Anza na hospitali ya rufaa ya Kisii au ile ya kaunti ya Nyamira upate barua. Tangu Oktoba 2024 bima ya serikali iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF. Msajili mtoto mapema, na umwone afisa wa ustawi wa jamii hospitalini kabla ya siku ya upasuaji, si baada yake.

Mjukuu wa yule nyanya alizibwa tundu akiwa na miezi tisa, baada ya mchango wa harambee na safari tatu za kliniki. Alipofika mwaka mmoja na nusu waliniletea nimwone. Alikuwa mnene, kovu limenyooka kifuani, na hakutaka kukaa mapajani mwa mtu. Nyanya aliniambia kwamba siku hizi akichinja kuku huukata moyo kwa upana, akawaonyesha wakazamwana wake ule ukuta wa katikati.

Nawe fanya hivyo Jumapili hii watoto wakiwa jikoni. Na kama kuna mtoto nyumbani anayechoka kunyonya, usingoje makala nyingine.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia vali za moyo, na jinsi maumivu ya koo yasiyotibiwa yanavyoweza kuziharibu.